Mwalimu, Itazame Njia Kabla ya Kuitazama Rangi

Katika soko la mifugo la Garissa, mnunuzi wa ngamia hana haraka. Humzunguka mnyama mara mbili tatu, humfunua midomo akaona meno, humtembeza mchangani akatazama nyayo zinavyokanyaga, kisha huuliza ametoka malisho gani na amekunywa maji ya kisima kipi. Rangi ya manyoya ndiyo ya mwisho kuulizwa, kama itaulizwa kabisa.

Nimefundisha katika mji huu kwa miaka mingi, na aghalabu Jumatano, siku ya soko, nimesimama pale na kustaajabia hekima hiyo. La kusikitisha ni kwamba sisi walimu, tunaojidai kuwa watu wa vitabu, tunapokwenda kununua gari hufanya kinyume cha mchungaji huyu asiyejua kusoma. Tunaanza na rangi. Nasema hivi kwa kuwa nilifanya hivyo mimi mwenyewe.

Gari linalotutoa roho siku hizi ni lile dogo lililoinuka, ambalo si saluni wala si Land Cruiser. Wataalamu huliita krosova. Toyota ilipotoa RAV4 mwaka wa 1994 na Honda ikafuata na CR-V mwaka wa 1995, wazo lao lilikuwa jepesi: chukua umbo na mitambo ya gari la kawaida la mjini, liinue kidogo kutoka ardhini, lipe viti vya juu na mlango mpana wa nyuma. Baadaye wakaja Subaru Forester, Nissan X-Trail, Mazda CX-5 na wengineo. Leo ukisimama darajani Garissa, pale ambapo kila anayetoka Nairobi huvuka mto Tana, utayaona yakipita moja baada ya jingine.

Sidhani kuwa mwalimu wa huku anayelitamani gari hilo anapenda makuu. Kutoka hapa hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 370. Wajir na Mandera ziko mbali zaidi, na shule nyingi ziko kando ya njia ambazo lami haijazifikia. Isitoshe, yapo mambo ambayo hayasemwi kwa sauti. Novemba 2014, basi lililotoka Mandera lilivamiwa na abiria 28 wakauawa, wengi wao wakiwa walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo ya Desemba. Tangu siku hiyo wapo wenzetu ambao hawajapanda basi tena bila moyo kwenda mbio. Mwalimu kama huyo akisema anataka gari lake mwenyewe, haombi anasa.

Basi nilipoamua kununua, nilikwenda Mombasa. Yadi niliyoingia sitaitaja, wala sina haja ya kuitaja, kwa kuwa zilizofanana nayo ni nyingi. Nililiona gari la rangi ya fedha, linang'aa, lina harufu ya upya ndani, na saa yake ya mwendo inasoma kilomita 61,000. Dalali akaniambia, "Mwalimu, hili lilikuwa la bibi mzee wa Japani, alikuwa akiliendesha kwenda sokoni tu." Nami, mtu mzima mwenye shahada, nikaamini. Sikuuliza karatasi yoyote ya kuthibitisha. Nikaweka amana, na salio nikalikopa kwa miaka mitano.

Mwezi wa saba, baba wa mwalimu mwenzangu alifariki karibu na Balambala. Kwa kuwa maziko ya Kiislamu hayangoji, niliondoka upesi saa za mchana, jua likiwaka. Njia ile ni ya mchanga. Mwendo wa saa moja na nusu, gari likaanza kulia kama mbuzi aliyebanwa, taa ya hatari ikawaka, na mara nguvu zikakatika kabisa. Injini inanguruma, magurudumu hayaendi. Nililala pale nikisikiliza fisi, na asubuhi nikavutwa na lori la wafanyabiashara wa mifugo. Maziko sikuyawahi. Fundi alipoifungua giaboksi aliniambia kwamba mashine ile haikuwa imetembea kilomita 61,000, bali huenda mara mbili ya hizo. Gharama ya kuweka nyingine ilikaribia amana niliyotoa, na binti yangu, aliyekuwa mwaka wa kwanza chuoni, alikaa nyumbani muhula mzima kwa sababu ya karo. Aibu ya kumweleza mtoto kwa nini hakurudi chuoni sijaisahau hadi leo.

Kwa hiyo, ninayoyasema hapa yana bei yake.

La kwanza ni kwamba kuinuka si ushujaa. Krosova nyingi huvutwa na magurudumu mawili ya mbele tu, ingawa kwa nje zinafanana kabisa na zile zinazovutwa na yote manne. Aidha, nyingi hutumia giaboksi iitwayo CVT, ambayo badala ya meno ya gia ina mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili. Kwenye lami huenda kwa ulaini na huokoa mafuta. Katika mchanga mzito, mzigo ukiwa mkubwa na jua la Garissa likipanda hadi nyuzi 37, mafuta ya giaboksi hiyo huchemka, na ikiwa hayakubadilishwa kwa wakati, mkanda huumia. Mazda CX-5, iliyotoka mwaka wa 2012, ina giaboksi ya kawaida ya gia sita. Forester na X-Trail za miaka hiyo, zilizo nyingi, zina CVT. Sisemi hii ni mbaya na ile ni njema. Nasema uijue uliyonayo na njia utakayoipita.

Tena hakuna krosova iliyo mashua. Mafuriko ya El Niño ya mwaka wa 2023, kisha ya masika ya 2024, yaliikata barabara ya Nairobi upande wa Madogo, na Aprili 2024 basi zima la abiria lilisombwa na maji, ikabidi abiria waokolewe. Kama basi lilishindwa, gari letu dogo litafanya nini?

La pili ni swali lenyewe la jipya au lililotumika. Jipya lina dhamana, na mtu analijua tangu lizaliwe. Lakini bei yake ni ya mamilioni, na thamani hushuka siku ile ile linapotoka dukani. Kwa mshahara wa mwalimu wa darasa, jipya ni ndoto yenye deni. Tukubali basi kwamba la kwetu ni lililotumika. Hata hivyo, lililotumika nalo lina hesabu yake, na hapa nawaomba wanafunzi wachukue kalamu.

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane. Tuseme forodha imelithamini gari kuwa shilingi 1,000,000. Kwa kiwango kilichoanza Julai 2023, ushuru wa forodha ni asilimia 35, yaani 350,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini isiyozidi sisi 1,500 ni asilimia 20 ya jumla hiyo ya 1,350,000, yaani 270,000. Kodi ya thamani ni asilimia 16 ya 1,620,000, yaani 259,200. Zijumlishe: serikali imechukua 879,200 kabla ya ada nyingine za uagizaji. Injini ikizidi sisi 1,500, ushuru wa bidhaa hupanda hadi asilimia 25, na jumla ya kodi hizo tatu huwa 957,500. Tofauti ni 78,300 kwa sababu ya ukubwa wa injini peke yake. Walimu wenzangu wa hisabati, kuna somo gani la asilimia lililo bora kuliko hili? Mwanafunzi akilielewa akiwa bado shuleni, hatadanganywa na dalali akiwa na miaka thelathini.

La tatu ni namna ya kulipa, jambo ambalo katika mji huu haliwezi kupitwa kimya. Majirani na wenzetu wengi ni Waislamu, na riba kwao ni haramu. Kwa miaka mingi mwalimu Mwislamu alikuwa na njia mbili: kuvunja imani yake au kutembea kwa miguu. Tangu benki za Kiislamu zilipoanzishwa nchini mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, ipo njia ya murabaha. Benki hununua gari, hukuonyesha bei iliyonunulia na faida inayoiongeza, kisha hukuuzia kwa jumla hiyo, ukalipa kidogo kidogo bila bei kupanda. Hata asiye Mwislamu hufaidi kwa kujua tangu mwanzo atakachomaliza kulipa. Lakini murabaha nayo si sadaka. Iweke jumla yake kando ya jumla ya mkopo wa chama cha akiba na mikopo, ulinganishe shilingi kwa shilingi. Wapo pia wanaochanga kwa ayuuto, kila mwezi mmoja akipokea fungu la wote. Njia hiyo ni ya polepole, ila haijamfilisi mtu ninayemjua.

Sheria ya ajira inataka mfanyakazi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato yote. Wengi wetu huichukulia theluthi hiyo kuwa shabaha ya kuifikia, ilhali ni ukingo wa shimo. Anayefika ukingoni kwa ajili ya gari atanunua tairi kwa nini?

Labda msomaji atauliza, "Je, nifanyeje?" Nitamjibu kwa njia ya mchungaji.

Tazama meno. Dai cheti cha ukaguzi kinachotolewa Japani kabla ya gari kupakiwa melini, kama shirika la viwango la KEBS linavyotaka, pamoja na karatasi ya mnada. Huko huandikwa kilomita za kweli na kama gari limewahi kugongwa. Asiyekuonyesha ana sababu ya kutokuonyesha. Tazama nyayo. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Tairi kongwe hupasuka kwa joto letu hata kama mistari yake bado ni mirefu. Tazama pia tairi ya akiba, maana krosova nyingi huja na kigurudumu chembamba cha muda, nacho hakitakufikisha Modogashe. Mtembeze mnyama. Liendeshe likiwa na watu, kiyoyozi kikiwa wazi, saa za mchana, na fundi wako mwenyewe awe kando yako, si fundi wa muuzaji. Kisha uliza malisho: spea zake zinapatikana Garissa au ni mpaka uzifuate Nairobi?

Juu ya hayo yote, usitumie fedha zako zote kununua. Robo moja ibaki mfukoni kwa tairi, betri, chujio za hewa na mafuta ya mitambo, kwa kuwa vumbi na joto la huku vitaidai robo hiyo kabla ya mwaka kwisha. Na ikiwa nyumba yako iko mjini na safari zako ni za lami tu, nunua saluni au Probox ulale usingizi. Hakuna atakayekucheka ila mjinga.

Najua kuna watakaosema kwamba mwalimu naye ni mtu, ana haki ya kupendeza mbele ya wanafunzi wake. Sipingi. Lakini wanafunzi wetu wanatuona kuliko tunavyodhani. Wanamwona mwalimu mwenye gari linalong'aa akiomba nauli ya kwenda benki. Wanajifunza hilo vilevile, tena bila mtihani.

Ninayo pia kauli moja kwa wenye mamlaka. Ikiwa cheti cha ukaguzi ni lazima ili gari liingie bandarini, kwa nini si lazima kimfuate gari hadi mkononi mwa mnunuzi? Kanuni ndogo ya kumlazimisha muuzaji akikabidhi pamoja na logibuku haitagharimu hazina chochote, na ingeniokoa mimi na wengi mfano wangu. Vyama vya walimu, vinavyojua kupaza sauti juu ya mishahara, vipaze sauti juu ya pale mishahara hiyo inakopotelea.

Mzee mmoja jirani yangu, mfanyabiashara wa ngamia, alikuja kunipa pole nilipovutwa hadi nyumbani siku ile. Alilizunguka gari kimya, akapiga tairi moja kwa fimbo yake, kisha akaniuliza, "Mwalimu, huyu ulimnunua wapi?" Nikamjibu, "Mombasa, mzee." Akauliza tena, "Na nani alikwambia habari za mama yake?" Nikanyamaza. Naye hakuongeza neno.

Binti yangu alirudi chuoni muhula uliofuata. Gari lile bado ninalo, na deni lake nilimaliza kulilipa mwaka jana. Kila ninapopita sokoni siku ya Jumatano hupunguza mwendo, nikawatazama wale wazee wakiwafunua ngamia midomo.