Kerisi za Java: lipia chuma, si hadithi

Wapo wenye akiba wanaotafuta vitu vya kale, na kerisi, jambia la Java, huwavutia wengi, hasa tangu UNESCO iitangaze kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Kwa mgeni hili ni soko gumu. Sarafu ya zamani mara nyingi ina mwaka wake. Kerisi kwa kawaida haina tarehe wala jina la mhunzi. Umri na asili yake hukadiriwa kwa macho. Wajava huita makadirio hayo tangguh, na wajuzi wawili waweza kuitaja kerisi moja kwa enzi mbili. Hapo ndipo muuzaji anapopatia faida.

Mgeni hukimbilia ala na mpini. Vyote viwili hubadilishwa, hivyo ala ya fahari yaweza kubeba bapa la juzi. Mjuzi huichomoa kwanza. Kama ni ya mawimbi huyahesabu, maana hutakiwa yawe witiri. Kisha husoma pamori, yaani nakshi itokanayo na kufuliwa pamoja kwa chuma na nikeli. Kutu nayo si ushahidi: tindikali huzeesha chuma upesi.

Halafu kuna bei. Muuzaji wa Java mara nyingi huiita mahar, neno lile lile la Kiarabu lililotupa mahari, kana kwamba unaposa. Lugha tamu, lakini fedha ni zile zile. Binafsi nisingeongeza hata senti kwa ajili ya hadithi ya mfalme fulani, na asiyeniruhusu kuichomoa ningemwachia mali yake.