Wazee wa Masisi na Walikale hawakatai sola

Kuna neno linalorudiwa sana: "Wazee hawapendi vitu vya kisasa, waacheni na toroshi zao." Neno hilo ni uongo, tena linaumiza.

Mzee gani hataki mwanga? Macho yake yamechoka, choo kiko nje. Risasi zikilia usiku, yeye pia anataka kufungua redio ajue kama atakimbia au atabaki.

Kinachomzuia ni namna sola inavyouzwa. Sola ya mkopo inalipwa kwa simu, kidogo kidogo. Ukichelewa, inajizima yenyewe. Sasa bibi wa kijijini Masisi hana simu, na pesa yake inaonekana maharagwe yakivunwa. Atalipaje kila wiki? Vita ikimfukuza mpaka Minova au Goma, atabeba mjukuu, ama paneli iliyopigiliwa juu ya manjanja? Mwanga umepotea, deni limebaki. Kisha tunasema alikataa!

Na aibu kubwa ni hii. Kasiterite ya Bisie, kule Walikale, inatoa bati, na bati ndilo linalotumiwa kuunganisha nyaya ndani ya paneli za jua. Koltani ya Rubaya, kule Masisi, inatoa madini yanayoingia katika simu. Utajiri unapita mbele ya mlango wa mzee, naye analala gizani.

Sheria ya umeme ya tarehe 17 Juni 2014 iliruhusu watu binafsi kutengeneza na kuuza umeme nchini. Vizuri. Lakini soko limemtazama mwenye mshahara, likampita mkulima mzee.

Wauzaji, pokeeni pesa mkononi, wakati wa mavuno. Leteni taa ndogo za jua ambazo mtu anakimbia nazo. Mashirika, mnapoandika majina kambini, mzee anayeishi peke yake aandikwe kwa jina lake, asihesabiwe chini ya jirani. Nanyi vijana, msimnyang'anye bibi taa yake ili kuchaji simu zenu. Mwonyesheni kwa lugha yake jinsi ya kuianika juani na kuifuta vumbi. Na kila kijiji kipate fundi wa kutengeneza iliyoharibika.

Kesho mkimkuta mzee gizani, msimwulize kama anapenda sola. Waulizeni waliokuja kuiuza: mlimwekea masharti gani?