Mwarobaini wa Saadani na Biashara ya Bustani za Pwani

Barabara inayoacha lami pale Mandera, kwenye njia kuu ya Chalinze kwenda Segera, hupita Miono, ikafika Mkange, kisha ikaingia Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Hifadhi hiyo ilipewa hadhi ya taifa mwaka 2005, na watalii huijua kwa sababu tembo wake wanaweza kusimama karibu na ufukwe wa Bahari ya Hindi. Humo ndani kuna kiumbe mmoja ambaye wahifadhi wangefurahi kuona amepungua. Si jangili wala si ng'ombe wa mfugaji. Ni mwarobaini.

Mti huu ulitoka Asia Kusini. Watu waliupanda majumbani kwa ajili ya kivuli na dawa, na matunda yake yakawapendeza ndege na nyani. Wao hawana habari na mpaka wa shamba: hula hapa, hudondosha mbegu kule. Leo mwarobaini umejiotea wenyewe ndani ya Saadani, tena kwa vichaka vinavyosongamana, na watafiti wameuandika kama mti vamizi unaobana miti ya asili. Ndani ya hifadhi hiyo hiyo umo msitu wa Zaraninge, moja ya mabaki ya misitu ya pwani iliyotapakaa vipande vipande kutoka Somalia hadi Msumbiji, yenye mimea mingi isiyopatikana kwingineko duniani. Kipande kama hicho kikisongwa, hakuna cha akiba.

Naanza na mti huu kwa sababu biashara ya kutengeneza bustani huongozwa na imani moja ambayo haijasemwa wazi: kwamba ikiwa kuna madhara, yanaishia kwenye ukuta wa mteja. Na biashara yenyewe inakua. Ukishika Barabara ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam, kutoka Tegeta hadi Bunju na kuvuka kuingia Mapinga, vijana wa maua wamepanga viriba na vyungu kando ya lami. Nyumba mpya zinajengwa, hoteli nazo zinajengwa, na barabara ya Bagamoyo–Saadani–Pangani–Tanga inayoendelea kutengenezwa itapeleka viwanja na mahoteli hadi mlangoni pa pori. Popote panapojengwa hoteli ya ufukweni, mtu wa bustani huitwa. Swali ni kama atakwenda na miche ile ile aliyozoea kupeleka Mikocheni.

Mara nyingi mazungumzo ya bustani rafiki kwa mazingira huishia kwenye mabomba ya matone, taa za jua na pipa la mboji. Yote ni mema, na sibezi hata moja. Lakini ni mambo ya hatua ya pili. Kabla ya bomba kuna maswali mawili mazito zaidi: mmea huu ni wa wapi na utaenda wapi ukishazaa, na udongo uliojaa kwenye kitalu ulichimbwa wapi.

Kuhusu swali la kwanza, Kenya ililipa ada ya somo kwa niaba yetu sote. Huko Baringo, miaka ya 1980, mti wa mathenge ulipandwa kwa nia njema kabisa, ya kurudisha kijani kwenye ardhi kavu na kupata kuni. Ukastawi kupita kiasi. Ukameza malisho, na maganda yake matamu yakaozesha meno ya mbuzi, hadi wananchi wakaishtaki serikali na kumpeleka mahakamani mbuzi asiye na meno awe kielelezo. Hakuna mfanyabiashara wa miche aliyekusudia hayo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema nia njema ya mpandaji inatosha.

Hata hivyo ningeogopa kuona jambo hili likigeuzwa kuwa chuki dhidi ya kila mmea mgeni. Mananasi ya Kiwangwa, jirani wa Miono, asili yake ni Amerika ya Kusini, na yanalisha familia bila kumfuata mtu msituni. Nako Mombasa, mwaka 1971, René Haller alipewa kazi ya kufufua machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mahali palipobaki mwamba mtupu wa matumbawe na maji ya chumvi chini yake. Alijaribu aina nyingi za miti, na mvinje ndio uliomfaa zaidi. Majani yake yalipodondoka yalikataa kuoza, akaleta majongoo. Majongoo wakala majani, kinyesi chao kikawa udongo, na juu ya udongo huo msitu ukasimama. Leo panaitwa Haller Park. Kinachoamua, basi, ni tabia ya mmea na jirani yake. Mvinje juu ya mwamba uliokufa umefanya wema. Mwarobaini kwenye geti la hoteli inayopakana na Zaraninge ni hatari, na mwarobaini ule ule kwenye ua wa nyumba katikati ya jiji hauna kesi ya kujibu.

Haller anatufundisha jambo la pili pia: udongo unaweza kutengenezwa papo hapo. Sisi tunauagiza. Tipa la udongo mweusi likimwagwa kwenye kiwanja kipya, mwenye nyumba huona rutuba, na ni nadra aulize shimo limebaki wapi. Udongo huo hauanguki kutoka mbinguni. Sehemu yake hukwanguliwa mabondeni na kingoni mwa mito, ingawa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuleta madhara ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Huku nyuma, kila asubuhi, kwenye nyumba hizo hizo zinazonunua tipa, majani makavu hufagiliwa, hurundikwa na kuchomwa moto. Inaniuma kuona moshi huo. Mtu analipia rutuba ya bonde la mwenzake huku akichoma ya kwake. Fundi bustani anayeweza kumshawishi mteja aache kona moja ya kiwanja kwa ajili ya mboji, na atandaze majani makavu kwenye mashina badala ya kuyachoma, amepunguza gharama ya tipa na maji ya kumwagilia kwa wakati mmoja.

Maji sina haja ya kuyaeleza kwa mtu wa Dar es Salaam. Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipopungua, jiji liliingia kwenye mgao. Chalinze nayo hunywa kutoka Mto Wami, mto ule ule unaokwenda kulisha mikoko ya Saadani. Zulia la ukoka linalodai maji kila jioni wakati wa kiangazi linashindana na ndoo za watu, na hoteli yenye kisima chake haijatoka kwenye shindano hilo. Inavuta chini ya ardhi kile kile ambacho kijiji kinakihitaji.

Sasa upande wa pili. Mtu wa maua atakuambia, na atakuwa na haki: mteja anataka bustani iliyokamilika ndani ya miezi michache, anataka ashoki zilizonyooka mstarini, na mwarobaini unaponea mahali ambapo mche mwingine ungekufa. Miti yetu mingi inakua polepole. Mpingo huchukua miongo mingi kuwa mti wa kutazamika. Mvumo, mti mkubwa wa porini wa jamii ya michikichi, huzamisha mzizi mapema na haupendi kuhamishwa. Kumwambia kijana mwenye viriba mia mbili kando ya barabara kwamba mzigo wa kuiokoa Zaraninge ni wake ni kumwonea. Yeye huuza kinachonunuliwa.

Kwa hiyo mimi naelekeza kidole kwenye mkataba. Mwenye hoteli, taasisi na halmashauri ndio wanaoandika kinachotakiwa, na hapo ndipo pa kubadilisha. Kila halmashauri nchini hutakiwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Lengo ni zuri, ila linahesabu mashimo yaliyofukiwa. Kama sehemu ya malipo ingebaki hadi mche uvuke viangazi viwili, na kama orodha ya aina za miti ingetofautiana kati ya kata inayopakana na hifadhi na kata isiyopakana nayo, mzabuni angelazimika kutafuta miche tofauti kabisa.

Na miche hiyo ingetafutwa wapi? Nasema Miono, na Mkange, na vijiji vya jirani. Eneo la Chalinze kwa miaka mingi limekuwa likipeleka mkaa Dar es Salaam, na mchoma mkaa ana elimu ambayo haifundishwi chuoni: anajua mkongo ulipo, mkwaju gani huzaa mapema, mwezi gani maganda ya mpingo hukauka. Elimu hiyo leo inalipwa kwa kukata. Inaweza kulipwa kwa kuokota mbegu na kuotesha. Sheria imeshatenga asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa makundi maalumu, na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutolewa kama mikopo kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha kitalu kingeweza kukopa dirisha moja na kuuza dirisha la jirani.

Kuna hatari hapa ambayo wapenzi wa mimea ya asili huisahau. Mmea wa porini ukiwa fasheni, watu huenda na jembe. Mimea ya jamii ya Encephalartos, inayofanana na michikichi mifupi na ambayo aina yake mojawapo ni ya pwani yetu, imeng'olewa sana Afrika kwa ajili ya bustani, hadi biashara yake ya kimataifa ikadhibitiwa kwa kiwango cha juu kabisa chini ya mkataba wa CITES. Kitalu cha Miono lazima kijengwe juu ya mbegu na vipandikizi, na mche wowote uliong'olewa msituni ukataliwe mlangoni. Inawezekana. Zamioculcas, mmea wa ndani wenye majani mazito yanayong'aa unaopamba ofisi nyingi mjini, ni wa misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki. Jani moja tu likichomekwa kwenye udongo huotesha mche. Waholanzi walianza kuuzalisha kibiashara mwaka 1996. Kabla yao, mwaka 1892, Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire aliokota ua dogo la zambarau huko Tanga, mbegu zikapelekwa Ujerumani, na Saintpaulia ikawa ua la madirishani dunia nzima, huku kwao porini likizidi kukosa kivuli.

Halmashauri ya Chalinze haihitaji kusubiri sera mpya. Inaweza kuanza na zabuni ya bustani ya kituo kimoja cha afya au shule moja ya sekondari: miche yote itokane na mbegu za wilayani, mwarobaini usiwemo, udongo uwe wa mboji iliyotengenezwa hapo hapo, na theluthi ya fedha ilipwe baada ya kiangazi cha pili. Gharama ya mwanzo itakuwa kubwa kuliko ya tipa na ashoki, na madiwani waambiwe hivyo kabla ya kupiga kura.