Taa imezimwa, mafuta ni yale yale

KANDOKANDO YA RELI
Na Ngoy Mutombo

Jirani yangu amenunua gari Lubumbashi, Toyota iliyotembea kwanza Marekani kabla ya kuvuka bahari. Muuzaji alimwashia kontakti, akamwonyesha dashibodi: hakuna taa hata moja inayodai kitu. Jirani akalipa. Majuma matatu baadaye, hapa Kabondo-Dianda, tulifungua boneti na kuchomoa kijiti cha kupimia mafuta. Mafuta yalikuwa chini ya alama ya mwisho, meusi, mazito, yakinuka kuungua. Kwenye dashibodi bado hakuna taa iliyowaka. Mtu alikuwa ameirudisha hesabu mwanzo bila kumwaga hata tone moja la mafuta ya zamani.

Nimeamua kuandika juu ya jambo hili kwa sababu wengi wetu tunaiamini taa ile ya kukumbusha kubadilisha mafuta ya injini kuliko tunavyoyaamini macho yetu. Taa haionji mafuta. Ni hesabu tu. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuweka mtambo wa namna hii katika magari yake mwishoni mwa miaka ya 1980: kompyuta inafuata mizunguko ya injini, joto lake na namna gari linavyoendeshwa, kisha inapunguza kutoka asilimia 100. Honda huanza kumkumbusha dereva ikibaki asilimia 15. Katika Toyota nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani mambo ni mepesi zaidi: zikitimia maili 5,000, yaani kilometa 8,000 hivi, taa inawaka. Kama mafuta yanavuja, kama fundi alitia mafuta duni, kama vumbi limeingia, hesabu hiyo haina habari.

Kuirudisha mwanzo ni kazi ya nusu dakika. Kwenye Toyota nyingi za zamani unazima kontakti, unashikilia kile kitufe cha kompta ya safari, unageuza ufunguo bila kuwasha injini, unasubiri mpaka sufuri zionekane, unaachia. Kwenye Chevrolet nyingi unafungua kontakti, injini ikiwa imezimwa, kisha unakanyaga pedali ya mafuta mpaka chini mara tatu ndani ya sekunde tano. Mengine yanapitia menyu, na katika magari mengi yaliyotoka Japani menyu hiyo imeandikwa Kijapani, ndiyo maana wengi wanaiacha ilivyo. Kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho.

Nusu dakika hiyo haidai senti wala filtri mpya, na hapo ndipo wizi unapopata mlango. Lakini nimeona kosa la upande wa pili pia, nalo halina nia mbaya. Kijana anafanya vidanje safi kabisa, mafuta mapya, filtri mpya, halafu anasahau hesabu. Siku chache baadaye taa inawaka. Mwenye gari anasema, “Achana nayo, Papa, vidanje nimekwisha kufanya.” Anaizoea. Mwaka unapita, na siku mafuta yamechoka kweli, taa inawaka mbele ya mtu aliyekwisha kujifunza kutoitazama.

Mazoea hayo yanaua injini, kwa sababu kuna taa nyingine, nyekundu, yenye picha ya birika linalodondosha tone. Hiyo haihusu kilometa. Inasema mafuta hayasukumwi ndani ya injini kwa nguvu inayotakiwa, na haina kitufe cha kuirudisha mwanzo. Ikiwaka ukiwa njiani, simama na uzime injini pale pale, hata kama giza linaingia na nyumbani ni kilometa mbili. Kilometa mbili bila mafuta zinatosha kuharibu injini nzima.

Sisi wa huku tuna sababu ya kuwa wakali zaidi. Mji wetu ulikua kando ya reli iliyounganisha Bukama na Ilebo mwaka 1928, na kwa muda mrefu treni ndiyo iliyobeba kila kitu. Sasa magari yanabeba sehemu kubwa, juu ya udongo. Kiangazi, kuanzia Mei mpaka Septemba, vumbi la barabara ya Kamina linaingia kila tundu. Mvua zikianza, gari linanguruma gia ya kwanza ndani ya matope saa nzima, na kompta inaongeza kilometa chache tu. Toyota wenyewe, kwa magari mengi ya petroli wanayouza Japani, wanasema badilisha mafuta kila kilometa 15,000. Lakini kwa barabara mbovu na zenye vumbi wanakata namba hiyo nusu, 7,500 au miezi sita. Hiyo ni Japani, pamoja na mafuta yao bora. Mimi gari langu nalifanyia vidanje kila kilometa 5,000, na sioni kwamba nimezidisha.

Ukinunua gari lililotoka Japani, fungua mlango wa dereva utazame ukingoni. Mara nyingi utakuta kibandiko cha gereji ya kule: tarehe, kilometa za vidanje vya mwisho, kilometa za vidanje vijavyo. Huhitaji kujua Kijapani kusoma namba. Kibandiko hicho kinanifundisha kuliko taa yoyote, kwa maana kimeandikwa na mkono wa mtu aliyeyamwaga mafuta.

Vijana wa gereji zetu, nawaomba mfanye vivyo hivyo. Kipande cha karatasi na kalamu vinatosha: tarehe, kilometa, aina ya mafuta, ubandike mlangoni. Kisha mwite mwenye gari, mwonyeshe kijiti, na hesabu ya taa irudishwe mwanzo yeye akiwa anatazama. Na wewe mwenye gari, usilipe kabla hujakishika kijiti hicho mkononi mwako.