Nyumba ya Kupangisha si Shamba la Bibi

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi wa TANU au wa Serikali mambo kadhaa, na mojawapo lilikuwa kuwa na nyumba ya kupangisha. Katika neno hilo "kiongozi" waliingizwa pia watumishi wa Serikali wa ngazi ya juu na ya kati. Miaka minne baadaye, Aprili 1971, Serikali ikayataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake zilikuja kuunganishwa na za Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Mwaka uliofuata, mjini Zanzibar, Halmashauri Kuu ya CCM ikalilegeza sharti lile. Tangu hapo mtumishi wa umma anajenga vyumba na kuvipangisha bila kificho.

Matokeo yake yanaonekana Kibaoni, Ifakara, kama yanavyoonekana katika kila mji unaokua. Zimesimama safu za vyumba vya tofali za kuchoma, mlango kwa mlango, na mwenye safu hizo mara nyingi si tajiri. Ni mwalimu, ni muuguzi, ni karani wa halmashauri, au ni mkulima ambaye mwaka mmoja mpunga ulimkubali. Kumwita kupe mtu wa namna hiyo ni kumwonea. Lakini ukweli mwingine nao usemwe: wengi wao wanapata hasara pasipo kujua, na baadhi yao wanaifidia hasara hiyo mgongoni mwa mpangaji.

Wapangaji Ifakara hawakosekani. Ipo Hospitali ya Mtakatifu Fransisko pamoja na chuo chake cha udaktari, ipo Taasisi ya Afya iliyoota kutokana na maabara ya Waswisi ya mwaka 1956, ipo reli ya TAZARA, na tangu 2018 lipo daraja la mita 384 juu ya Mto Kilombero mahali palipokuwa pa kivuko. Basi mtu huona wageni wanaingia, akakimbilia benki.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kukosewa. Tuseme mwalimu amekopa shilingi 12,000,000 kumalizia nyumba ya vyumba sita, kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka inayotozwa kwenye deni linalobaki, alipe kwa miaka mitano. Makato yake yatakuwa karibu shilingi 285,000 kila mwezi. Vyumba vyake anavipangisha kwa shilingi 40,000 kimoja, na kwenye daftari ameandika 240,000 kwa mwezi, yaani 2,880,000 kwa mwaka. Ila hakuna nyumba inayojaa mwaka mzima. Kila chumba kikikaa kitupu miezi miwili tu, zimekwenda 480,000. Vitasa, bati, rangi, kunyonya choo na kodi ya majengo vikila 400,000 nyingine, zinabaki 2,000,000, ambazo kwa mwezi hazifiki 167,000. Pengo la karibu shilingi 119,000 litatoka kwenye mshahara, ule ule ambao kwa utaratibu wa mikopo ya watumishi hapana budi ibaki theluthi yake mkononi mwa mwenyewe. Mwalimu huyo hajawekeza bado. Amejiongezea familia ya pili ya kulisha.

Aliyejenga polepole, chumba kwa chumba, kwa tofali alizochoma kwa pumba za mpunga na bati alizonunua kila baada ya mavuno, huchekwa na majirani kwa miaka minane. Mwaka wa tisa kodi yote ni yake.

Kuhusu mahali pa kujenga, maneno ni machache. Kiwanja cha bei nafuu katika bonde la Kilombero mara nyingi kina sababu ya kuwa nafuu, na sababu hiyo huonekana wakati wa masika. Mafuriko ya 2024 yaliwakumbusha watu wa Ifakara kwamba maji yanakumbuka njia zake. Anayenunua kiangazi awaulize wazee wa mtaa maji yalifika wapi, kisha ainue msingi kupita alama hiyo, na shimo la choo alichimbe mbali na kisima. Na wale wanaotamani fremu za maduka kando ya barabara waisome Sheria ya Barabara ya 2007: hifadhi ya barabara kuu na ya mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Ukijenga ndani ya hifadhi hiyo na kuchorewa X nyekundu, utabomoa bila fidia. Karatasi ya mauziano uliyogongewa muhuri ofisi ya mtaa haitakusaidia.

Jambo linaloleta ugomvi mwingi zaidi ni makubaliano ya mdomo. Ile sheria ya 1984 iliyodhibiti kodi za pango ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei ni mapatano ya watu wawili. Kama mapatano hayakuandikwa, kila mmoja hukumbuka yanayomfaa. Karatasi moja inatosha: majina, chumba, kodi na tarehe yake, notisi, nani analipa maji, nani anatengeneza kilichoharibika. Ni ajabu kwamba mtu anayemtaka mwanafunzi wake aandike hata jibu la ndiyo au hapana kwa sentensi kamili, yeye mwenyewe hupokea shilingi 240,000 bila kutoa stakabadhi. Wapo pia wanaodhani mpangaji akichelewa dawa yake ni kung'oa mlango au kuezua bati. Sivyo. Anayelipa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua mwezi, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya 1999, na shauri likishindikana lina pa kwenda: Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lililotokana na sheria ya 2002. Mwenye nyumba aliyeezua bati hufika pale akiwa mdai na kuondoka akiwa mdaiwa.

Liangaliwe pia suala la umeme. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU, mwanzoni shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 1,500 tangu 2023. Kodi hii ni ya mwenye nyumba. Lakini vyumba sita vikitumia mita moja, anayewahi kununua umeme mwezi unapoanza ndiye akatwaye, na zipo nyumba ambamo wapangaji hukaa gizani wakitegeana nani atangulie. Fedha yenyewe ni ndogo. Mwenye nyumba na ampunguzie aliyekatwa 1,500 katika kodi ya chumba, aiandike kwenye karatasi ile ile, na ugomvi utakoma.

Limebaki la kodi ya miezi sita kwa mkupuo, desturi iliyoenea katika miji yetu. Mwalimu mgeni amehamishiwa Ifakara. Anatakiwa alipe 240,000 za miezi sita, na dalali anadai 40,000 zake, kabla hajaona mshahara wa kituo kipya. Anayemdai naye ni mwalimu, aliyewahi kuhangaika vivyo hivyo katika wilaya nyingine. Anayelipwa kila mwisho wa mwezi atozwe kila mwisho wa mwezi, na amana ya mwezi mmoja inatosha kumlinda mwenye nyumba. Mkulima ana kalenda nyingine. Huvuka mto kwenda shamba, akalala kwenye dungu wiki nyingi akifukuza ndege, chumba chake kikiwa kimefungwa kwa kufuli. Mwenye nyumba asiye na subira hudhani amekimbiwa, akavunja kufuli. Huyo ndiye wa kulipa kwa mkupuo, lakini baada ya kuvuna, si kabla, na tarehe iwe imeandikwa.

Ofisi za mitaa za Kibaoni zingeweza kurahisisha yote haya kwa kuwa na fomu moja ya mkataba wa pango, ya Kiswahili chepesi, yenye nafasi ya sahihi ya mwenye nyumba, mpangaji na mwenyekiti wa mtaa. Kuichapa ni kazi ya asubuhi moja, na gharama yake ni karatasi.