Msituambie Hiyo Ni Sauti Halisi

Kila klipu ile inaporudi kwenye simu zetu, maelezo huwa yale yale: "Sikiliza sauti halisi ya shimo jeusi." Mngurumo unapanda, watu wanasisimkwa, wanasambaza. Mimi nakereka.

Nasomea uzamili wa tafsiri. Kwetu, kuificha tafsiri na kuiita matini asilia ni udanganyifu, hata kama kila neno ni sahihi. Na klipu ile ni tafsiri.

Mwaka 2003 wanaastronomia waliotumia darubini ya Chandra walitangaza kuwa wameona mawimbi katika gesi ya moto ya kundi la galaksi la Perseus. Mawimbi ni ya kweli, sibishi. Lakini wimbi moja huchukua takriban miaka milioni 10 kupita. Sikio gani litalisubiri? Mwaka 2022 NASA wakayapandisha oktavu 57 na 58 ili tuyasikie, nao walisema wazi kwamba wamefanya hivyo. Sisi ndio tuliokata maelezo tukabakiza mngurumo.

Kazi yao ya 2020 kuhusu kitovu cha galaksi yetu imeenda mbali zaidi. Hapo kilichochezwa ni picha. Inasomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Nuru iliyo juu hutoa sauti nyembamba, nuru kali hutoa sauti kubwa. Kanuni hizo hazikutoka angani. Mtu alikaa akaziamua.

"Acha kutuharibia starehe," rafiki zangu huniambia. Basi nisikilizeni. Mwenzangu mmoja darasani haoni. Nilimchezea klipu hiyo ya pili nikitarajia afurahi. Akauliza, "Hapa sauti inapopanda, kuna nini?" Sikujua. Niliyemletea ulimwengu nilikuwa nimemletea kelele.

Wanda Díaz-Merced, mwanaastronomia wa Puerto Rico aliyepoteza uwezo wa kuona, huchunguza data kwa kusikiliza. Kwa msikilizaji kama yeye, bila kanuni hakuna elimu, kuna muziki tu.

Sitaki sanaa hii ife. Nataka mstari mmoja chini yake: data imetoka wapi, nani kaitafsiri, kwa kanuni gani. Nilirudi kwa mwenzangu nikiwa na mstari huo. Alisikiliza tena, mara tatu, kisha akaninyooshea kidole juu kulia: "Pale pana kitu kinang'aa."

Nikatazama picha. Kilikuwepo.