Reli Iliyoachwa: Njia ya Miguu au ya Gari Moshi?

Siku hizi watu wabishana juu ya reli zilizoachwa. Wako wasemao zing'olewe, mahali pake pawe njia ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Wengine wasema sivyo, gari moshi lirudishwe. Huenda mtu akauliza, sisi wa Nyamugari tuna neno gani hapo, nasi Burundi hatujapata kuwa na gari moshi? Tunalo. Mwaka 2025 ilizinduliwa kazi ya kujenga reli kutoka Uvinza, Tanzania, mpaka Musongati. Yafaa tujifunze kwa jirani mapema.

Mimi nawaunga mkono wa gari moshi. Tazameni reli ya Tanga. Ilianzwa mwaka 1893, ikafika Arusha mwaka 1929. Baadaye abiria wakakosa gari moshi kwa zaidi ya miaka 20, nyasi zikaota njiani. Lakini kwa kuwa reli haikung'olewa, ilitengenezwa, na abiria wakafika tena Moshi mwezi wa Desemba 2019, na Arusha mwaka 2020.

Sasa tazameni Mtwara. Waingereza walijenga reli huko kwa ajili ya mpango wa karanga. Mpango uliachwa mwaka 1951, na katika miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Mpaka leo gari moshi halijarudi, na korosho za Nachingwea zashuka pwani kwa malori.

Hata hivyo wa njia ya miguu wana haki yao. Gari moshi haliwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo njia yake hukatwa kwa mteremko wa taratibu. Wenzetu wanaosukuma baiskeli zenye mikungu ya ndizi katika milima yetu wajua thamani ya njia ya namna hiyo. Lakini baiskeli haiwezi kuleta saruji na chumvi kutoka Dar es Salaam, na nchi isiyo na bahari hulipa gharama ya safari katika kila mfuko.

Marekani walipatanisha mambo haya kwa sheria ya mwaka 1983: reli isiyo na kazi yaweza kuwa njia ya watu, nayo ardhi ikabaki akiba mpaka gari moshi litakapohitajiwa. Hilo ndilo sharti langu. Watu na wapite, lakini asiwepo wa kuiuza wala kujenga juu yake.

Kwetu shamba ni dogo na watu ni wengi. Mkulima atakayetoa shamba lake kwa reli alipwe haki yake upesi. Na kama siku moja reli hiyo itaachwa, ardhi yake isiangukie mikononi mwa wachache wenye nguvu, bali ibaki ya wote. Enyi wanafunzi wa zamani mlio katika kazi za serikali, neno hili lawahusu ninyi kwanza. Mwenye shauri jingine na aandike.